Mchezo Ulioanza 1982 na Haujaisha

Mjini London, si ile ya Uingereza bali ile ya Ontario nchini Kanada, kuna nyumba ambayo chumba chake cha chini kimejaa ngome, milima na maelfu ya sanamu ndogo zilizopakwa rangi kwa mkono. Mwenyewe ni Robert Wardhaugh, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Western. Mwaka 1982, akiwa bado kijana, alianza kucheza na rafiki zake mchezo wa kuvaa uhusika. Miaka zaidi ya 40 imepita na mchezo ni ule ule, katika ulimwengu ule ule. Wachezaji wamekuja na kuondoka, wameoa, wamelea watoto, na wapo wanaosafiri mwendo mrefu ili tu waketi kwenye meza ile. Mhusika akifa, amekufa. Mchezaji wake huanza upya na mwingine.

Bao likinoga sana huisha kabla ya adhana ya magharibi. Hata kriketi ya siku tano ina siku ya tano. Mchezo huu unadumu kwa sababu hauna mshindi. Hakuna goli la kufunga wala kete ya mwisho ya kuliwa. Kinachowarudisha watu mezani ni hamu ya kujua nini kitafuata, na kila mmoja wao ana mkono wake katika hicho kitakachofuata. Rekodi nitakazozitaja hapa, za fedha, za umati, za vifo na hata za ukimya, nazipima kwa kigezo hicho.

Kwa asiyewahi kuuona ukichezwa: watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja ni msimulizi, na wengine kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anasema, mmefika mtoni, daraja limekatika, ng’ambo kuna moto unawaka. Kisha anauliza swali ambalo ndilo mchezo wenyewe: mnafanya nini? Mmoja anasema ataogelea. Mwingine anasema ataita kwa sauti. Wa tatu anataka kwanza kujua ule moto unatoa moshi wa rangi gani. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa, na jibu la dadu hupokewa hata likiwa chungu.

Sisi tuliokua tukiitikia “Pakawa!” bibi aliposema “Paukwa!” tunajua hadithi haisogei bila mwitikio. Lakini kwa bibi, sungura lazima aende kisimani, tuitikie tusiitikie. Katika mchezo huu sungura anaweza kugoma. Anaweza kwenda kumwamsha simba na kumwambia ukweli, na msimulizi atalazimika kufikiri upya palepale.

Wa kwanza

Mzizi wake ni michezo ya vita. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa wa Prussia walijifunza vita kwa kusogeza vipande juu ya ramani. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa aina hiyo kuhusu mji wa kubuni wa Kijerumani alioupa jina Braunstein. Badala ya kugawa majeshi peke yake, aliwapa baadhi ya wachezaji watu: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo. Kabla vita havijaanza, wachezaji walikuwa wameshatawanyika vyumbani wakinong’onezana na kupanga hila zao. Wesely aliona ameharibu mchezo. Wenzake wakamwomba aurudie.

Mmoja wa kundi lile, Dave Arneson, mwaka 1971 alianzisha ulimwengu wake, Blackmoor. Humo kila mchezaji alikuwa na mtu mmoja wa kumlinda, na mtu huyo alibeba majeraha, mali na uzoefu wake kutoka kikao kimoja hadi kingine. Arneson aliupeleka kwa Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, ambaye alikuwa amepoteza kazi yake katika kampuni ya bima na akijipatia riziki kwa kutengeneza viatu nyumbani. Gygax ndiye aliyezitia sheria katika maandishi. Januari 1974 ukatoka Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 zilizopangwa kwa mikono, bei dola 10. Mzigo uliisha katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Huo ndio mchezo wa kwanza wa aina yake kuuzwa dukani, na ndio unaoongoza kwa umaarufu mpaka sasa. Kampuni inayoumiliki imewahi kutaja watu milioni 50 kuwa wameucheza, na mwaka 2024, ulipotimiza miaka 50, Posta ya Marekani iliutolea stempu. Lakini sifa imegawanywa vibaya. Jina la Gygax liko midomoni mwa kila mtu, ilhali Arneson, aliyelileta lile swali la “mnafanya nini?”, alilazimika mwaka 1979 kwenda mahakamani kudai haki yake, wakaja kupatana 1981. Mimi nasema bila kusita kwamba Arneson ndiye aliyeuvumbua mchezo, na Gygax ndiye aliyeufikisha kwa watu. Kazi zote mbili ni kubwa, ila si kazi moja.

Wachezaji wake walihitaji dadu zisizofanana na zile za ludo, ikiwemo yenye nyuso 20, na wengi huichukulia dadu hiyo kama alama ya mchezo wenyewe. Ni kongwe kuliko mchezo kwa karne na karne. Jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York linahifadhi dadu ya jiwe kutoka Misri, yenye nyuso 20 zilizochorwa herufi za Kigiriki, ya kati ya karne ya 2 kabla ya Kristo na karne ya 4 baada yake.

Unaoua zaidi

Gygax alikuwa na tatizo. Wachezaji waliokuwa wamecheza muda mrefu walianza kujigamba kwamba wahusika wao hawawezekani. Akawatengenezea kaburi. Tomb of Horrors lilichezwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1975 katika tamasha la michezo la Origins, likachapishwa 1978, na hadi leo ndilo jina linalotajwa kwanza watu wanapobishana juu ya tukio lililoua wahusika wengi zaidi.

Ubaya wake si majitu. Ndani ya kaburi lile karibu hakuna wa kupigana naye. Kuna milango ya uongo, sakafu zinazofunguka na, mwisho wa ukumbi mmoja, uso wa kijani wa shetani uliochongwa ukutani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Wachezaji wengi hufikiri kinywa kile ni njia. Anayeingia haonekani tena: hakuna jeraha, hakuna maiti, hakuna dadu ya kumwokoa. Rob Kuntz, aliyekuwa karibu na Gygax tangu mwanzo, alilipita kaburi kwa mhusika wake Robilar kwa njia ambayo si ya kishujaa hata kidogo: aliwatanguliza watumishi wake, mmoja baada ya mwingine, wafe badala yake.

Naliheshimu kaburi lile, ila silipendi. Linampa zawadi mwoga mwenye watumishi na kumwadhibu mdadisi, na udadisi ndio uhai wa mchezo. Kuna njia bora zaidi ya kutisha watu mezani, na njia hiyo ina jina la Kiswahili.

Wenye Kiswahili ndani yake

Leslie Scott alizaliwa Tanganyika mwaka 1955 na kukulia Afrika Mashariki kabla ya familia yake kuhamia Ghana. Huko, miaka ya 1970, walicheza nyumbani kwa vipande vya mbao vilivyotoka kwenye kiwanda cha kupasulia magogo cha Takoradi: unapanga mnara, kisha unachomoa kipande chini na kukiweka juu, kwa zamu, mpaka mnara uanguke. Mwaka 1983 aliupeleka mchezo huo kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London, Uingereza, na jina akaliokota katika lugha ya utoto wake: Jenga. Wafanyabiashara walimshauri atafute jina ambalo wateja wataelewa. Akakataa. Ndiyo maana leo mtoto wa Chicago au Osaka husema neno letu bila kujua kwamba ameamrisha.

Mwaka 2005 Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore walitoa Dread, mchezo wa kuvaa uhusika wa hadithi za kutisha. Walizitupa dadu zote. Katikati ya meza wakauweka mnara wa Jenga, vipande 54, ghorofa 18. Mhusika wako anataka kupanda ukuta huku kuna kitu kinamfuata? Chomoa kipande. Anataka kumtibu mwenzake gizani? Chomoa kipande. Unaweza kukataa kuchomoa. Hapo jambo linashindikana lakini unaishi. Mnara ukianguka mikononi mwako, mhusika wako ametoka katika hadithi, kwa kawaida kwa kufa.

Hebu fikiri linalotokea. Dadu hurushwa mara moja na kusahauliwa, lakini mnara unakumbuka. Kila hatari iliyopita imeacha tundu lake, na wote mezani wanaliona. Saa moja ya kwanza watu wanacheka. Saa ya pili wanapunguza sauti. Saa ya tatu hakuna anayeegemea meza. Hofu ya mhusika na hofu ya vidole vya mchezaji zimekuwa kitu kimoja.

Na kuna kanuni moja katika Dread ambayo naiona ni bora kuliko zote nilizowahi kuzisoma katika fani hii. Mchezaji anaruhusiwa kuusukuma mnara makusudi. Akifanya hivyo mhusika wake anakufa, lakini lile alilokusudia linafanikiwa, liwe gumu namna gani: mlango unafungwa, wenzake wanatoroka. Kile alichokosa Robilar na watumishi wake, Dread inakipa nafasi kwa kiganja kimoja cha mkono. Neno linaloamrisha ujenge limekuwa chombo cha kuchagua uanguke vipi.

Wa huzuni, na walio kimya

Stephen Dewey alitoa Ten Candles mwaka 2015. Unachezwa gizani kwa mwanga wa mishumaa kumi, na kila mchezaji anajua tangu mwanzo kwamba hakuna mhusika atakayepona. Mishumaa inazimika mmoja mmoja. Wa mwisho ukizimika, wote wamekwisha. Mtu atauliza, kuna raha gani hapo? Jibu ni kwamba suala la nani atapona likishaondolewa, linabaki suala la utafanya nini na muda uliosalia, na watu husema mambo mazito wakiwa wamebakiwa na mishumaa miwili.

Kwa ukimya, wa kwanza kwangu ni Sign, wa Kathryn Hymes na Hakan Seyalioglu. Unatokana na jambo la kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Managua, Nicaragua, watoto viziwi ambao kila mmoja alikuwa amekulia kwao bila lugha walikusanywa shule moja, na wao wenyewe, bila kufundishwa, wakazua lugha ya ishara ambayo wanaisimu wanaichunguza hadi leo. Wachezaji wa Sign ni watoto hao. Hakuna kuzungumza. Unaanza na mikono mitupu na jambo unalotaka lieleweke, na asipokuelewa mtu unabaki nalo.

Waandishi hao hao mwaka 2018 walitoa Dialect. Humo kundi la watu waliotengwa na dunia huunda maneno yao, kila neno na sababu yake, halafu hadithi inafika pale lugha yenyewe inapokufa. Nadhani msomaji ambaye bibi yake alisema lugha ambayo wajukuu hawaisemi tena ataucheza mchezo huu kwa namna ambayo waandishi wake wenyewe hawawezi.

Wa fedha na umati

Hapa nitapita haraka. Harambee kubwa za mtandaoni zimekuwa mtindo wa kutolea michezo hii. Avatar Legends ilichangiwa zaidi ya dola milioni 9.5 mwaka 2021. Mwaka 2024 mchezo uliojengwa juu ya riwaya za Brandon Sanderson ulipita dola milioni 15. Kabla ya hizo, mwaka 2019, waigizaji wa Critical Role, ambao tangu 2015 wameurusha mchezo wao mtandaoni watu wakitazama, waliomba dola 750,000 watengeneze filamu fupi ya katuni, wakapewa dola 11,385,449.

Waigizaji hao hao Oktoba 2023 waliujaza ukumbi wa Wembley, London, wenye viti zaidi ya 12,000. Mwaka huo huo, katika jengo la maduka mjini Provo, Utah, watu 1,227 walicheza Dungeons & Dragons kwa wakati mmoja na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Januari 2025 kundi la Dimension 20 liliupeleka mchezo Madison Square Garden, New York.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba maelfu ya watu hulipa kiingilio kuwatazama watu wachache wakizungumza mezani. Lakini aliye kwenye kiti cha Wembley haulizwi atafanya nini. Yeye amerudi kwa bibi, anaitikia tu. Kati ya rekodi hizi ninayoithamini ni ya Provo, kwa sababu wale 1,227 kila mmoja alikuwa na karatasi yake.

Uliokatazwa kwa hukumu

Januari 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Chicago ilitoa hukumu juu ya Dungeons & Dragons. Mfungwa mmoja wa gereza la Waupun, Wisconsin, aliyehukumiwa kwa mauaji, alikuwa ameandika kwa mkono kurasa 96 za ulimwengu wake wa kuchezea. Mwaka 2004, baada ya barua isiyo na jina kudai kwamba wachezaji wanaunda genge, askari walipekua chumba chake, wakachukua maandishi hayo na vitabu vyake, na mchezo ukapigwa marufuku. Alishtaki. Alileta viapo 15, vya wafungwa na vya wajuzi wa michezo hii, vyote vikisema hakuna genge lililowahi kutokana nao. Hoja kuu ya gereza ilikuwa ya ofisa wake wa masuala ya magenge: mchezo una mtu mmoja anayewaongoza wenzake, na genge nalo lina kiongozi. Mahakama ikasema hoja hiyo inatosha.

Sheria ya magereza ina mantiki yake, na siwezi kumlaumu jaji kwa kuifuata. Lakini hoja yenyewe naiona imekosea pabaya. Kiongozi wa genge huwaambia watu wafanye nini, na msimulizi huwauliza. Kuna wafungwa katika magereza mengine ya Marekani wanaocheza hadi leo, na pale dadu zinapokatazwa kwa sababu ya kamari, hutengeneza kishale cha karatasi cha kuzungusha. Mtu aliyefungiwa chumba cha hatua chache, anayeulizwa atafanya nini na jibu lake likawa na matokeo, amepewa kitu ambacho gereza haliwezi kumpa kwa njia nyingine.

Mdogo kuliko yote

Wajerumani wana Das Schwarze Auge tangu 1984, Waswidi Drakar och Demoner tangu 1982, Wabrazili Tormenta tangu 1999. Wajapani waliupokea Call of Cthulhu wa Marekani, ule wa 1981, wakaufanya wao kuliko Wamarekani wenyewe. Vitabu vya baadhi ya michezo hiyo vina mamia ya kurasa, na unene huo huwatisha wengi kabla hawajaanza.

Kwa hiyo namalizia na mdogo kuliko yote ninayoijua, Honey Heist wa Grant Howitt, wa mwaka 2017. Sheria zake zote ziko kwenye ukurasa mmoja. Nyinyi ni madubu. Mnakwenda kuiba asali. Kila mmoja ana namba mbili tu, Udubu na Ujambazi, zote zikianza na 3. Ukitaka kutumia nguvu za kidubu au kufanya hila ya kijambazi, rusha dadu: ikija sawa na namba yako au chini yake, umefaulu. Mambo yakiharibika, pointi moja inahama kutoka Ujambazi kwenda Udubu. Mpango ukienda vizuri, inarudi. Udubu ukifika 6 unapagawa na kuvunja kila kitu. Ujambazi ukifika 6 unawasaliti wenzako.

Hizo ndizo sheria kuu, na unaweza kuzinakili nyuma ya bahasha. Dadu inayotakiwa ni ya kawaida, ile ya ludo, ambayo pengine iko kwenye droo yako sasa hivi. Kama madubu hawakufai, weka nyani na shamba la mahindi, au vijana watatu wa Tandika na lori la tende lililokwama. Waite wenzako wawili au watatu Jumamosi jioni, zimeni televisheni, mmoja wenu aeleze mahali na hatari iliyopo, kisha awatazame wengine usoni na kuwauliza kwa Kiswahili: mnafanya nini?